Mpira Nambari 5 Si wa Kila Mtoto

Imekuwa desturi katika shule nyingi za msingi za Kitui na Makueni kwamba mpira ni mmoja. Hununuliwa muhula unapoanza, ukafungiwa kabatini na mwalimu wa michezo, na ukitolewa jioni huchezewa na wote: wa Gredi ya Tatu na wa Gredi ya Tisa, wavulana kwa wasichana, leo kandanda, kesho voliboli. Na mpira wenyewe, karibu kila mara, ni ule mkubwa wa watu wazima ulioandikwa nambari 5. Kwa maoni yangu, desturi hii inawaumiza watoto bila sababu, na yafaa iachwe.

Sisemi hivyo kwa kuwa nauchukia mchezo. Mtoto anayekimbia jioni hulala vyema, moyo na mifupa yake hupata nguvu, na sitaki mzazi asome makala haya kisha amzuie mwanawe kwenda uwanjani. Ninacholalamikia ni chombo, si mchezo.

Tuanze na vipimo. Kanuni za kandanda zinataka mpira wa watu wazima uwe na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, na uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Nambari 4 ina mzunguko wa kama sentimita 63 hadi 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390. Nambari 3 ni ndogo zaidi, yenye uzito wa gramu 300 na ushei. Yamkini mwalimu atauliza: gramu 60 ni kitu gani, hata daktari aandike gazetini?

Jibu ni kwamba uzito wa mpira hupimwa kwa mwili wa anayeupokea. Mtoto wa miaka tisa aliyelishwa vizuri ana kilo 28 hivi. Baba yake ana kilo 70. Ili baba naye ahisi anachokihisi mwanawe anapopigwa na mpira nambari 5, ingetupasa tumrushie mpira wa kilo moja na zaidi, yaani kitu kizito kama pakiti ya sukari. Sidhani kuna mzazi angekubali kuupiga mpira huo kwa kichwa, wala kuudaka kwa mikono mitupu.

Tena mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Karibu na ncha za mifupa yake kuna tabaka laini ambako mfupa hurefukia, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Anayeumia sana hapo ni mlinda lango. Mpira mkubwa ukija kwa kasi, viganja vidogo haviwezi kuukumbatia. Husukumwa nyuma, na mfupa wa kigasha ukavunjika karibu na kifundo cha mkono. Mwaka 2001 madaktari wa Uingereza walichapisha katika jarida la tiba ya michezo uchunguzi kuhusu watoto walinda lango waliovunjika hapo hapo, wakatetea mpira unaolingana na umri. Mimi pia huletewa mikono ya namna hiyo, imefungwa kwa leso au kwa kipande cha boksi, na aghalabu imekaa siku mbili tatu nyumbani kwa dhana kwamba umeteguka tu. Mkono wa mtoto uliovimba juu kidogo ya kiganja baada ya kudaka mpira upigwe picha, usikandwe.

Basi mtoto wa miaka minane kushuka chini apewe nambari 3. Kutoka miaka tisa hadi kumi na mitatu, nambari 4. Nambari 5 ingoje hapo baadaye. Hata hivyo, msitazame cheti cha kuzaliwa peke yake. Katika sehemu zetu, ambako mvua ilikosekana msimu baada ya msimu kati ya 2020 na 2022, wapo watoto wa miaka kumi na mmoja wenye mwili wa miaka tisa. Mwalimu anayewaona kila siku awapange kwa mwili.

Jambo la pili ni uwanja, na hapa vitabu vya makocha wa ng'ambo havitusaidii sana kwa kuwa vimeandikiwa nyasi. Uwanja wa Mbooni au Kilungu, kule vilimani, hauwi sawa na wa Kibwezi, Mutomo au Kyuso. Vilimani kuna nyasi na udongo wenye unyevu. Mpira ukianguka hutulia. Huko chini, kuanzia Juni hadi mvua za Oktoba, ardhi ni ngumu kama sakafu, ina changarawe na miiba ya migunga. Mpira ukigonga hapo huruka hadi usoni mwa mtoto kabla hajajua unaelekea wapi. Pua, midomo na macho ndiyo hulipa.

Dawa ya hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: punguza upepo. Kanuni zenyewe zinaruhusu shinikizo la hewa la kuanzia 0.6 hadi 1.1, na hiyo ni nafasi pana. Lakini sisi humpelekea fundi wa baiskeli, naye hujaza mpaka mpira ulie kama ngoma, kwani kwetu mpira mgumu ndio mpira mzuri. Kisha huachwa juani saa sita mchana, hewa iliyo ndani hupata joto, na ugumu huzidi. Kipimo changu hakihitaji mashine. Mwanafunzi asimame uwanjani penyewe, auachilie mpira kutoka kimo cha kichwa chake. Ukirudi juu ya kiuno, toa upepo kidogo, ujaribu tena. Uwanja wa nyasi waweza kustahimili mpira uliojaa; uwanja wa murram hauwezi. Kwa hiyo mpira ule ule ukaguliwe upya mvua zinapokwisha.

Kuna na suala la ganda. Mpira wa kushonwa wenye ganda jembamba hung'ara dukani, lakini changarawe huila mishono katika muhula mmoja. Ule wa raba uliomiminwa pasi na mishono hudumu, ila huruka zaidi. Kwa nyanda kavu mimi ningechukua huo wa raba, nambari 4, na kuupunguza upepo. Msidanganyike na mpira wa futsal, ule wa kuchezewa ukumbini, ati kwa sababu hauruki. Ni kweli ukiachiliwa kutoka mita mbili hurudi sentimita 50 hadi 65 tu, lakini una gramu 400 hadi 440 katika umbo dogo. Kwa vijana wakubwa ni sawa. Kwa mtoto wa Gredi ya Nne ni jiwe.

Mvua zikinyesha, hatari hugeuka. Mpira mkuukuu uliochubuka hunywa maji, na udongo mweusi hugandamana nao. Uwekeni juu ya mizani ya duka la jirani, dakika moja tu. Ukipita gramu 450 usichezewe na watoto hadi ukauke. Na kwa kuwa nimetaja mvua: watoto wengi hucheza mchangani mwa mito mikavu kama Tiva na Thwake, na mchanga ni mahali pazuri pa kuangukia. Lakini mvua ikinyesha vilimani, maji huteremka hata kama kwenu jua linawaka. Waondoke mtoni mawingu yanapoonekana upande wa juu.

Sasa kichwa. Jeff Astle, aliyekuwa mshambuliaji wa West Bromwich Albion ya Uingereza, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, na afisa aliyechunguza kifo chake aliamua kwamba ubongo wake uliharibiwa na kupiga mipira mizito ya ngozi kwa kichwa miaka mingi. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walieleza kwamba wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland walikuwa na uwezekano wa kufa kwa maradhi ya kuoza ubongo mara tatu na nusu kuliko watu wengine. Hao ni watu waliofanya kazi hiyo maisha yao, na sitaki kumtisha mama kwa sababu mwanawe alifunga bao moja la kichwa. Lakini wenye mchezo wao wamechukua tahadhari: Marekani ilipiga marufuku vichwa kwa watoto wa miaka kumi kushuka chini mwaka 2015, na mwaka 2020 Uingereza ikawaondolea watoto wa shule za msingi mazoezi ya kupiga kichwa. Sioni kwa nini shule ya Makueni isubiri waraka kutoka Nairobi. Mwalimu aweza kusema leo kwamba hakuna mazoezi ya kichwa kabla ya sekondari. Na mtoto aliyepigwa kichwani akaduwaa, akasahau alipo au akalalamika kwamba kichwa kinauma, atoke, asirudi uwanjani siku hiyo. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akipatwa na kifafa, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Voliboli nayo isisahauliwe, maana wasichana wetu wanaipenda. Mpira wake halali una gramu 260 hadi 280. Mpira wa kandanda ukipigwa kwa vigasha na vidole ni mzito kwa zaidi ya nusu ya huo, na vidole vilivyovimba kwenye viungo, ambavyo huletwa kwangu kila msimu wa mashindano, vingi havikutokana na voliboli bali na mpira usiokuwa wa voliboli.

Walimu wakuu watasema pesa hazipo. Nawaelewa. Lakini mpira mmoja wa bei kubwa unaochezewa na gredi zote hufa mapema, na kwa fedha hizo mara nyingi hupatikana miwili ya kawaida, mmoja nambari 4 na mmoja 5. Wazazi wanaochangia kununua kombe na jezi za siku ya michezo wangeweza kuanza na mpira wa wadogo.

Na pale ambapo hata huo hauwezekani, mpira wa matambara unafaa. Wapo wanaouonea aibu. Mimi kama tabibu sioni aibu yoyote. Ni mwepesi, ni laini, haruki kiwendawazimu kwenye ardhi kavu, na mwiba hauwezi kuutoboa. Zamani watoto walikuwa wakiufinyanga kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo siku hizi ni nguo kuukuu na gunia, vikafungwa kwa kamba ya katani, ambayo Kibwezi haijawahi kuadimika. Fundo la kamba lifichwe ndani lisimchane mtu. Ukilowa maji huwa mzito kuliko hata nambari 5, na hapo usiguswe hata kwa mguu mtupu. Uanikwe juani kwanza.