Mawimbi ya Tanganyika yanamhusu pia mkaaji wa Salamabila

Salamabila iko mbali na bahari. Huku Kabambare watu wamezoea kuongea juu ya dhahabu, usalama na barabara mbovu. Habari za mawimbi zinaonekana kuwa za watu wa pwani. Lakini mfanyabiashara wa kusini mwa Maniema anayefuata bidhaa Baraka, Uvira ao Kalemie, siku moja atapanda boti. Siku hiyo, kutojua kunaweza kumgharimu maisha.

Mnamo Desemba 2014, meli MV Mutambala ilizama katika ziwa Tanganyika na watu zaidi ya 120 wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni. Kila mara watu husema ni mapenzi ya Mungu. Lakini mawimbi yana sheria zake, na zinajulikana.

Wimbi huzaliwa na upepo. Ukubwa wake unategemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji ambayo upepo unapita juu yake. Tanganyika ina urefu wa zaidi ya kilomita 600 toka kusini hadi kaskazini. Kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini hupita juu ya maji hayo yote bila kizuizi. Ndiyo maana mawimbi makubwa yanaweza kufika bandarini hata kama mbingu ni nyeupe na hakuna mvua.

Katikati ya maji, wimbi hupita lakini maji yenyewe hupanda na kushuka karibu pale pale. Karibu na ufuko, mambo hubadilika: chini ya wimbi hugusa udongo na kupunguza mwendo, juu huinuka na kuanguka kwa nguvu. Kwa hiyo kuona nchi kavu si kusema umefika salama. Tena maji yaliyosukumwa ufukweni lazima yarudi. Mara nyingine hurudi kwa njia nyembamba yenye mkondo mkali. Anayekokotwa asishindane nao. Aogelee kandokando ya ufuko hadi atoke ndani yake, ndipo arudi.

Sasa fikiria boti iliyojazwa kupita kiasi. Ukingo wake unabaki karibu kabisa na maji, na hata wimbi dogo linaingia. Abiria wanakimbilia upande mmoja kwa hofu, na boti inapinduka. Upepo ulianza kazi, lakini binadamu ndiye aliyeimaliza.

Serikali inapaswa kuweka alama ya mwisho wa mzigo kwenye kila boti, na wakubwa wa bandari wazuie safari wakati wa upepo mkali, bila kupokea kitu mkononi. Jile ya kuokoa maisha iwe sehemu ya tiketi. Na walimu wa Salamabila na Kasongo wafundishe mambo haya darasani, maana watoto wao ndio wasafiri wa kesho.

Abiria naye ana haki ya kukataa kupanda. Bidhaa zikichelewa siku mbili, soko la Salamabila litangoja.