Fundi wa Kasongo naye asikie gari linasema nini

Mashirika ya kiutu yanayoleta magari Kasongo na Kabambare yanapaswa kuleta pia ujuzi wa kuyatengeneza. Gari la wagonjwa likizimika njiani, hasara si ya mwenye gari peke yake. Ni ya mama mjamzito aliyekimbia vita na hana njia nyingine ya kufika hospitali.

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haikusumbua mafundi: pampu yake ya mafuta haingoji amri ya kompyuta. Magari mapya ni mengine. Kompyuta ya injini, ya breki na ya dashibodi huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mtindo huo unaitwa CAN, na kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Mashimo ya barabara yakikata waya mmoja, gari linaweza kukataa kuwaka, na fundi analaumiwa bure.

Wengi hudhani dawa ni mashine ya bei kali kutoka mbali. Sivyo. Ipo programu ya bure iitwayo python-can, ya lugha ya Python, inayokubali Windows, Linux na Mac. Kompyuta ya mitumba ikiunganishwa na gari kwa adapta ya CAN, ujumbe unapita kwenye kioo mstari kwa mstari. Ikishawekwa haidai intaneti, na hilo kwa Kasongo si jambo dogo.

Ugumu upo. Viwanda huficha maana ya namba nyingi, na kutuma ujumbe ndani ya gari bila kujua kunaweza kuharibu hata breki. Mwanafunzi aanze kwa kusikiliza tu.

Tena kazi nyingine haingoji hata kompyuta. Kwenye magari mengi, betri ikiwa imefunguliwa, fundi apime kwa multimeta kati ya tundu la 6 na la 14 la soketi ya uchunguzi, ile ya matundu 16. Kawaida ni omu 60 hivi. Ikisoma 120, mara nyingi waya umekatika mahali. Ni garaji ngapi zimewahi kuelezwa hilo?

Wanaosaini mikataba ya kununua magari waongeze humo adapta mbili na majuma machache ya mafunzo. Na kwenye orodha ya wanafunzi, vijana waliohama kutoka vijiji vya Kabambare waandikwe pamoja na wenyeji.