Leopards wamepigwa Abidjan, kwa nini tumpige jirani hapa Goma?

Jumatano tarehe 7 mwezi wa pili, saa nne ya usiku, tulikuwa tumejaa ndani ya nganda moja ya hapa Goma. Kuingia ilikuwa franga 500, na mwenye kukosa kiti alikaa juu ya kreti ya bia. Umeme ulikatika dakika chache kabla ya mchezo. Mama mwenye nganda akawasha jenereta, televisheni ikarudi, tukakuta wachezaji wetu wamesimama mstari mmoja kwa wimbo wa taifa: mkono mmoja umefunika mdomo, mkono mwingine umeelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki.

Hapakuhitajika mtu wa kutufasiria. Siku hiyohiyo watu walikuwa wanakimbia vita upande wa Sake, kilometa ishirini na kitu tu kutoka pale tulipokaa. Barabara ilikuwa imejaa godoro, mbuzi, chukudu na watoto tangu mchana. Nilikuwa nimetoka huko na kinasa sauti changu, viatu bado vina vumbi. Wanaume wazima walilia mbele ya ile televisheni kabla mpira haujaguswa, na mimi nililia nao.

Mchezo wenyewe mmeuona. Bakambu alitia mpira wavuni mapema, mwamuzi akakataa kwa sababu ya golikipa wao. Dakika ya 65 Haller alipiga mpira ukadunda chini, ukampita Mpasi juu ya kichwa. Moja kwa sifuri. Nusu fainali imekwisha, Côte d'Ivoire wako kwao, wanacheza ngoma.

Ninachotaka kusema hakikutokea Abidjan. Kilitokea kwenye nganda.

Bao lilipoingia, watu wote walishika kichwa. Kijana mmoja, motari, alikuwa kwenye kona karibu na mlango wa jikoni, simu iko sikioni. Alikuwa anacheka, na nilimwona kwa macho yangu. Mtu mmoja akapaza sauti: "Mwangalieni huyu, anafurahi!" Mwingine akaongeza: "Angalia na sura yake. Ni wa kwao huyu." Ninyi wa Goma munajua maana ya neno hilo, sina haja ya kulieleza. Ndani ya dakika moja shati lilikuwa limepasuka, simu iko chini, vijana wawili wanamvuta nje ambako kulikuwa giza na watu wengi zaidi.

Aliyemwokoa ni mama mwenye nganda. Aliingia katikati na kitambaa chake cha kufutia meza mkononi, akapiga kelele: "Munamufanya nini? Ni mwana wangu huyu, ananibebea kreti kila siku! Mumuache!" Akamtoa kwa mlango wa jikoni. Mimi, mwandishi wa habari ambaye kila juma nasoma kwenye redio matangazo ya kukataa chuki, nilibaki nimekaa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Niliogopa kwamba nikisimama watauliza na mimi ninamtetea kwa nini.

Kesho yake nilirudi kumuuliza yule mama. Akaniambia: dada yake yule kijana alikuwa na watoto Sake, tangu asubuhi hawajulikani waliko. Simu iliyoingia wakati wa bao ilikuwa ya kumwambia watoto wamefika Mugunga, wazima. Ndiyo maana alicheka.

Kabila lake silijui, na sikuuliza. Kama ningeandika hapa kwamba ni Mnande au Mhunde, wengine wangesema "aa, basi walikosea mtu," kana kwamba kuna mtu mwingine ambaye wangemvuta gizani bila kukosea.

Asubuhi ile tulifungua simu kwa wasikilizaji. Wengi waliongea vizuri. Mama mmoja alisema watoto wetu wamesema mbele ya dunia mambo ambayo wakubwa wanayanong'ona tu. Mzee mmoja alikumbusha kwamba kundi hili halikushinda hata mchezo mmoja wa makundi, sare tatu, halafu likamtoa Misri kwa penalti, golikipa Mpasi mwenyewe akifunga ya mwisho, halafu likampiga Guinea 3-1. Tangu 2015 hatukuwa tumefika nusu fainali, na Kombe lililotangulia hilo hatukufuzu hata kwenda. Lakini wengine walikuwa wanatafuta mkosaji: kocha Desabre, mwamuzi, mshambuliaji fulani. Hiyo ni haki ya mpenzi wa mpira, hata mimi nina maneno yangu juu ya kipindi cha pili. Halafu msikilizaji mmoja akasema "wasaliti walio kati yetu wamelala wanacheka," akaanza kutaja kartie. Fundi wetu wa mitambo alikata simu kabla mimi sijafungua mdomo.

Tabia hii ya kumtafuta wa kumtwika si ya leo. Mwaka 1974 Leopards walichukua Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akafunga mabao 9 katika shindano moja, na mpaka leo hakuna aliyemfikia. Miezi michache baadaye walienda Kombe la Dunia wakafungwa mabao 14 katika michezo mitatu, 9 kati yake na Yugoslavia peke yake. Mashujaa wakageuka aibu. Ndaye aliishia kuishi uhamishoni Afrika Kusini, na mwaka 1998 kwenye Kombe la Afrika watu walisimama kimya dakika moja kumuombolezea, kumbe yuko hai. Alikufa 2019. Siku ya kushinda ni wetu, siku ya kushindwa hatumjui.

Na juzi Jumamosi, tulipokosa nafasi ya tatu kwa penalti mbele ya Afrika Kusini, nilisikia watu wakimtukana Mbemba kwa sababu yake ilidakwa. Mbemba huyuhuyu aliyetufungia bao na Guinea.

Najua nitakachojibiwa. "Wewe unaongea kwa sababu hujapoteza mtu." Nimepoteza, na sitaandika majina yao hapa. "Lakini wapelelezi wako, wanaingia mjini." Inawezekana wako. Mpelelezi anatambulikana kwa kazi anayoifanya, na kuna wenye kazi ya kumfuata. Hatambulikani kwa pua, wala kwa sura aliyokuwa nayo dakika ya 65. Mwaka 2024, kule Kanyaruchinya na Bulengo, mungesikiliza lugha zilizoongewa chini ya zile hema. Mungesikia Kinande, Kihunde, Kiswahili, na mungesikia Kinyarwanda pia, kutoka kwa watu wa Masisi na Rutshuru waliokimbia bunduki zilezile.

Na wachezaji wenyewe? Bakambu, Wissa na Mpasi wamezaliwa Ufaransa. Siku Mpasi alipofunga ile penalti ya Misri, hakuna mtu katika mji huu aliyeuliza babu yake alitoka kijiji gani. Tulimbeba mabegani hata kama hayuko.

Ule mkono kwenye mdomo ulikuwa unaiambia dunia kwamba watu wanauawa mashariki na wakubwa wananyamaza. Niliona Jumamosi vijana wengine wakifanya ishara ile barabarani kwa fahari. Wawili kati yao ni walewale waliokuwa wanamvuta motari.

Yule kijana hakuja Jumamosi kutazama mchezo. Mama anasema bado anabeba kreti, lakini anakuja asubuhi mapema, anaondoka kabla watu hawajawa wengi. Kioo cha simu yake kimevunjika kabisa, na motari bila simu anakosa wateja. Mama ameweka kopo juu ya kaunta, karibu na televisheni, kwa ajili ya kioo hicho. Nimetia franga 5000. Nyinyi wawili munajijua, na mama anawajua kwa majina. Kopo bado liko pale.