Mtoto akichora alichokiona

Watoto wetu wanajua katuni za Japani na za Marekani kwa majina. Mwana wa inchi yetu, Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, hawamjui. Na sisi pia, wangapi tunamjua?

Alizaliwa Lubefu, Sankuru, mwaka 1957. Alisoma sanaa Kinshasa, na mwaka 1988 alianzisha studio yake, akaiita Malembe Maa. Sisi tunaosikia Lingala tunajua malembe ni polepole. Jina linafaa kazi. Filamu ya dakika moja ina picha zaidi ya elfu moja: unasogeza mkono wa mchoro kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Ni kama kuchagua mchele wa gunia zima kwa sahani moja.

Mwaka 1991 alitoa hadithi ya Kitetela ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake. Baadaye alitengeneza Muana Mboka, juu ya mtoto wa barabarani Kinshasa, na Prince Loseno, yenye vikaragosi.

Lakini mimi nataka kuongea juu ya ile ya 1992, Kinshasa, septembre noir. Septemba 1991 askari walipora Kinshasa. Wenye umri wangu mnakumbuka habari zile. Kibushi hakutafuta wachoraji wakubwa. Alichukua michoro ya watoto, akaifanya itembee. Askari, maduka, watu wanaobeba vitu, vyote kwa mkono wa mtoto.

Hapo moyo wangu ulishtuka. Mwaka 2023, watu walipokimbia vita vya Wambole na Walengola wakaja kwetu Lubunga, nilipokea familia moja. Mtoto wao wa miaka saba alichora kwa makala kwenye ukuta wangu: nyumba, moto, mtu amelala chini. Nilichukua maji na kitambaa, nikafuta. Nikamgombeza tena, eti anachafua nyumba ya watu. Mama yake alinyamaza tu, alikuwa mgeni, angesema nini? Mtoto hakuchora tena mpaka walipohama. Wala sikumuuliza yule mtu wa chini alikuwa nani.

Siku ya mkutano wetu tutaweka mkeka pembeni kwa ajili ya watoto. Mwenye makaratasi yaliyoandikwa upande mmoja asiwashie moto, aje nayo. Makala tunayo ya kutosha.