Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwa kuwa waliyasema hayo juu ya wavivu waliokaa barazani wakiulaumu mpini ilhali msimu unawapita, sina haja ya kubishana nao. Walakini lau wangalifufuka leo, wakapita Kericho mjini katika mwezi wa Oktoba, wakati wakulima wa majani chai wamekwisha pokea bonasi yao ya mwaka na kila duka lenye chochote cha kuuza limekitoa nje, wakawaona mabarobaro wetu wakinunua kompyuta za kuchezea gemu kipande kipande, kadi kwa huyu, kumbukumbu kwa yule, kasha kwa mwingine, pasipo kuuliza kama vipande hivyo vitakubali kukaa nyumba moja, nadhani wangaliipindua methali yao papo hapo. Katika jambo hili mchagua jembe ndiye mkulima, na asiyechagua hulima kwa kucha.

Naanza na kisa cha nyumbani kwangu, maana anayesimulia aibu ya nyumba yake hana wa kumshtaki. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na akawa anakaa kwa nyanyake upande wa Litein akingojea kuitwa chuoni, alipewa na bibi huyo shilingi 32,000 zilizotoka katika bonasi, fedha ambazo kila mtu wa Kericho na Bomet anajua uchungu wake, kwa sababu bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa aghalabu huwa ndogo kuliko ile inayolipwa upande wa Mlima Kenya, na kila shilingi yake imebebwa mgongoni kwa kikapu. Kijana akanunua mjini kompyuta ya ofisi, mtumba wa Uingereza, ya aina ile nyembamba inayolazwa chini ya skrini, kwa shilingi 14,000. Kisha akaagiza Nairobi, kwa muuzaji aliyemwona katika simu tu, kadi ya picha ya shilingi 15,500, nzito kama tofali, ambayo marafiki zake wote walikuwa wameisifu. Kadi ikaja kwa basi, imefungwa vizuri.

Haikuingia. Kwanza kimo chake kilikuwa takriban mara mbili ya nafasi iliyokuwamo kashani, na kijana akaniambia kwa upole, "Mjomba, si tuiache tu bila kifuniko?" nami kwa mapenzi nikakubali. Pili, kadi ilitaka wati 185 na plagi yake yenyewe ya pini nane, ilhali pawasaplai ya kompyuta ile, kwa ajili ya mashine nzima, ilitoa wati mia mbili na kitu, wala haikuwa na plagi ya namna hiyo. Tukaenda kwa fundi tukaazima pawasaplai kubwa. Na hapo tukapatikana kwa mara ya tatu, kwa kuwa ubao mama wa mashine ile ulikuwa na tundu la umeme la umbo lake peke yake, lililotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya kiwanda, na plagi ya kawaida ya pini 24 ikabaki inaning'inia kama mgeni asiyekaribishwa. Muuzaji wa Nairobi alipopigiwa simu alijibu kwa adabu kamili kwamba bidhaa iliyofunguliwa hairudi dukani.

Jambo lililoninyima usingizi usiku ule ni kwamba hapakuwa na kitu kibovu. Kompyuta ilikuwa nzima, kadi nzima, pawasaplai ya fundi nzima, na vitu vitatu vizima vilipokutana vikazaa kimoja kisichofaa. Mtunga mashairi anaijua hali hii: neno ni tamu, maana yake imetulia, hata kina kimekubali, lakini mizani imezidi mbili, na hapo hapana huruma wala rufaa, neno hutoka.

Basi rai yangu ni kwamba vijana wetu hawapotezi fedha kwa sababu vipuri ni ghali, bali kwa sababu wanaanza mahali pasipo pa kuanzia. Huanza na kadi ya picha kwa kuwa ndiyo yenye jina, ndiyo inayotajwa vijiweni, ndiyo yenye feni mbili na taa. Na ile pawasaplai, kisanduku cha bati kisichosifiwa na mtu, huja mwisho, kwa chenji iliyobaki. Mimi nasema mambo yageuzwe. Aanze mtu na ubao mama na pawasaplai, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyotoa ruhusa, na vingine vyote ni waombaji. Ubao mama una soketi ya prosesa, na soketi haina urafiki: prosesa za Intel za kizazi cha tatu hukaa juu ya soketi yenye sindano 1155, na za kizazi cha nne hukaa juu ya yenye sindano 1150, tofauti ya tano tu, ambayo jicho la kawaida halitaiona, lakini atakayelazimisha atapinda sindano na kununua ubao mwingine. Vijiti vya kumbukumbu navyo vina kizazi chake: DDR3, DDR4 na DDR5 vimekatwa pengo mahali tofauti makusudi, ili mtu asivichanganye. Na ipo hadaa ambayo haikuandikwa kwenye pengo lolote, nayo ni vile vijiti vya DDR3 na DDR4 vya mitambo ya seva, vyenye ujazo mkubwa na bei ya kushangaza kwa urahisi wake, vinavyoingia katika tundu sawasawa kabisa na kisha mashine isiwake, kwa kuwa ubao wa kompyuta ya kawaida hauvikubali. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi tu watu wa mwisho duniani tuliostahili kudanganyika hivi. Bibi yule yule aliyetoa fedha huamka alfajiri, akachuma majani mawili na chipukizi, akayapeleka kituoni, na pale karani humwaga kikapu, akachambua kwa vidole, na jani lililokomaa akalitupa kando mbele ya macho ya mwenyewe, kabla mizani haijasomwa na risiti haijaandikwa. Tangu KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ianze kazi mwaka 1964, hivyo ndivyo mkulima mdogo wa chai alivyozoezwa: hagusi shilingi mpaka mali yake ikaguliwe. Nasi, wana na wajukuu wa watu waliokaguliwa namna hiyo maisha yao yote, tukishika hiyo shilingi mkononi twanunua mashine iliyofungwa, kwa picha, kwa jina na kwa rangi ya taa. Karani angetucheka.

Mtu akiniuliza sasa afanye nini na shilingi zake elfu thelathini na kitu, nitamshauri, bila kumlazimisha, achukue kompyuta ile ile ya mtumba wa ofisi, maana hakuna njia nyingine ya kupata prosesa nzuri, ubao, kumbukumbu na kasha kwa bei hiyo, ila aikatae ile nyembamba na atake mnara wa kusimama. Kisha asiishie kwenye jina la kiwanda. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, katika umbo la mnara, hutumia plagi ya umeme ya kawaida ya pini 24, na ndugu yake 9020 aliyetoka mwaka uliofuata, anayefanana naye kwa mbali hata mtu asiwatofautishe, ana plagi ya pini 8 ya kwao wenyewe. Adapta za kuwapatanisha ziko, lakini mtu huzisikia akiwa amekwisha nunua. Akishaijua mashine yake, atafute kadi inayokula katika sinia ile ile ya nyumba, yaani isiyohitaji plagi ya ziada. Tundu refu la ubao mama, lile la PCI Express, huipa kadi wati 75 na hapo ndipo mwisho wa ukarimu wake, na zipo kadi zilizobuniwa kuridhika na kiasi hicho: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019, zote za gigabaiti nne, ambazo huchezesha GTA V na mpira wa miguu kwa raha kwenye skrini ya kawaida, ingawa gemu nzito za miaka hii zitamlazimu mchezaji apunguze madoido. Hata hizo aziangalie kwa macho yake ukingo wa juu, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji walizitia plagi ya pini 6. Na mwenye mashine nyembamba tayari asikate tamaa; ziko GTX 1650 zilizofupishwa kimo kwa ajili yake.

Skrini nayo isisahauliwe, kwa kuwa skrini kuukuu nyingi tulizorithi ofisini zina tundu la VGA peke yake, na kadi hizo nilizozitaja hazitoi VGA. Bila adapta nzuri kijana atakaa mbele ya giza akidhani ameuziwa mfu.

Wako wanaodharau mtumba na kutaka kujenga upya, kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi. Hao nawaheshimu, na njia yao ni soketi ya AM4 ya AMD, iliyodumu miaka mingi na kwa hiyo ina vipuri tele, vipya na vya mkono wa pili. Prosesa ya Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina picha ndani yake, hata mtu aweza kucheza gemu nyepesi mwaka mzima kabla hajapata fedha ya kadi, mradi aitilie vijiti viwili vya kumbukumbu badala ya kimoja, kwani picha hiyo huchota katika kumbukumbu na kijiti kimoja huikaba koo. Lakini ubao wa B450 uliotoka mwaka 2018, ukikaa rafuni bila programu yake ya ndani kusasishwa, hautamtambua mgeni huyo wa 2021, na mashine itakaa kimya. Upande wa Intel herufi moja yatosha kumliza mtu: prosesa yenye F mwishoni mwa jina haina picha kabisa, na huuzwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo.

Nchi yetu nayo ina neno lake katika shauri hili. Kericho iko yapata mita 2,000 juu ya bahari, kwenye baridi, na mtu anayenunua huku mtambo wa kupoza prosesa kwa maji ananunua kanzu ya sufu akiwa Lamu. Feni ya kawaida yatosha, na fedha hiyo iende kwenye pawasaplai. Maana mvua yetu ya alasiri haiji peke yake, huja na radi na mawe, na umeme huondoka na kurudi kwa kishindo, na kisanduku kile kisichosifiwa ndicho kinachosimama baina ya kishindo hicho na jasho la bibi. Wenzetu wa Bomet, katika ukame wa Januari, wana vumbi la barabara za murami. Wao wanunue brashi.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na wenyewe Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache, nazo mashine nilizozisifu hapo juu ni za cha tatu na cha nne. Anayecheza tu aweza kuishi na hilo, ama akahamia Linux, ingawa baadhi ya gemu za mtandaoni hazitamfuata huko. Ila sitamshauri mtu afungulie humo hesabu zake za benki.

Kwa wauzaji, wa mjini na wa Nairobi, nina ombi dogo, tena lisilo na gharama. Kabla ya kupokea fedha ya mtoto wa mkulima, andikeni juu ya karatasi mambo manne: jina kamili la mashine pamoja na umbo lake, wati za pawasaplai, plagi zilizomo, na urefu wa kadi inayoweza kuingia. Karani wa kituo huandika zaidi ya hayo kwa kilo tano za majani.

Mpwa wangu amekwisha pata mashine inayowaka. Ile kadi ya shilingi 15,500 bado imo katika boksi lake juu ya kabati la nyanyake huko Litein. Ni nzima, haina hata mkwaruzo, nami natafuta wa kuinunua. Lakini simuuzii mtu yeyote mpaka kwanza aniambie kasha lake lina nafasi kiasi gani na pawasaplai yake ni ya wati ngapi.