Tezo ya Baba Haiuzwi kwa Kilo

Kikao cha mirathi kikiitishwa baada ya kuanua matanga, msimamizi huanza na nyumba, halafu shamba, halafu ng'ombe kama wapo, pikipiki, na fedha zilizobaki kwenye simu ya marehemu. Hapo watu hubishana, na mihutasari huandikwa kwa makini kwa sababu kesho inaweza kufika mahakamani. Vyombo vya kazi vya marehemu havimo kwenye mhutasari. Shoka, msumeno, tezo, jembe lililolika likabaki dogo kama kiganja, vyote hukaa nyuma ya mlango wa stoo mpaka siku mnunuzi wa vyuma chakavu anapopita na baiskeli na mizani yake. Mtoto mmoja huagizwa avitoe. Chuma hupimwa kwa kilo, mpini huenda jikoni kuwa kuni.

Nimeliona hili katika familia nyingi za Katavi, zikiwemo familia za wana jumuiya wazuri tu, na kwa maoni yangu ni hasara ambayo haihitajiki. Tezo haishindani na kiwanja kwa bei, hilo halina ubishi. Lakini kiwanja kinaweza kununuliwa na yeyote, na hakina alama yoyote ya mtu aliyekinunua. Chombo cha kazi kimeshikwa na mkono uleule miaka thelathini, na mkono huo umekibadilisha umbo. Nani atakuuzia hicho tena?

Marehemu baba yangu aliishi kwa mizinga ya nyuki na mipini, upande wa Inyonga, wilaya ya Mlele. Wanaotoka mbali na miombo yetu huenda wanajua asali ya Katavi kwa ladha tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Mzinga wa asili unaweza kutengenezwa kwa gome au kwa gogo. Wa gome ni wa haraka: unavua gome la mti likiwa zima, unalikunja, unalifunga, kazi imekwisha siku hiyohiyo. Ila mti uliovuliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Ni mti uleule ambao maua yake ndiyo chakula cha nyuki. Mzinga wa gogo unachosha zaidi. Gogo hupasuliwa mara mbili kwa urefu, kila upande unatobolewa kwa tezo hadi uwe kama mtumbwi mdogo, halafu pande mbili zinarudishwa pamoja, zinafungwa kwa kamba na kupandishwa juu ya mti. Baba alikuwa mtu wa gogo. Kwake mzinga wa gome ulikuwa sawa na kuchinja ng'ombe ili upate maziwa, na akiwa amekunywa kidogo aliwaambia hivyo majirani zake hadharani, jambo ambalo halikumletea marafiki wengi.

Tezo yake ndiyo niliyorithi mimi, mtoto wa kwanza wa kiume. Bapa lake lilifuliwa kutoka kwenye springi ya lori. Limenolewa mara nyingi kiasi kwamba limepungua karibu nusu. Baba alikuwa mashoto, na mpini umeliwa upande wa vidole vyake vya kushoto. Mimi natumia mkono wa kulia. Kila mwanzo wa muhula, ninapochonga mipini ya majembe ya seminari saa za kazi za mikono, napata malengelenge mahali ambapo mtu mwingine hapati. Wenzangu wameniambia mara kadhaa niuchonge upya ule mpini. Sijauchonga.

Sasa, katika masomo yetu tulifika kwa Martin Heidegger, Mjerumani, na kitabu chake cha mwaka 1927 chenye mfano maarufu wa nyundo. Kwa kifupi anasema hivi: fundi anayegonga msumari haiangalii nyundo. Nyundo ikifanya kazi vizuri inatoweka mbele ya fundi, akili yake yote iko kwenye kazi. Ni pale inapovunjika ndipo anaitazama kama kitu. Nadhani ni maelezo sahihi ya nyundo iliyonunuliwa dukani. Kwa chombo cha baba hayatoshi. Tezo hii haijavunjika, inakata vizuri kabisa, lakini haitoweki. Inaniuma kiganjani na kunikumbusha kwamba haikutengenezewa mkono wangu. Kinachonishangaza ni kwamba Heidegger mwenyewe alikuwa mtoto wa fundi mapipa. Baba yake alikuwa pia mtunza kanisa katika mji wao wa Messkirch, na yeye mwenyewe alianza masomo ya chuo kikuu kwa teolojia. Mtu aliyekulia kwenye karakana ya namna hiyo angeweza kutuambia zaidi kuhusu nyundo ya baba.

Mtakatifu Thomas ananisaidia zaidi. Kwake chombo ni sababu inayotenda kwa nguvu ya mtendaji mkuu: msumeno hukata kwa sababu ya meno yake, lakini kutengeneza kiti ni kwa sababu ya fundi. Hata hivyo chombo kina mchango wake wenyewe, hakiko mkononi kama hewa. Nikiipeleka hoja hiyo hatua moja mbele, na hapa mwalimu wangu anaweza kunipinga, naona kwamba chombo kilichotumika muda mrefu hubeba kitu cha fundi wa kwanza na kukipeleka kwenye kazi ya fundi wa pili. Mipini ninayochonga ina mkunjo kidogo karibu na kichwa. Sikukusudia. Tezo inavuta hivyo kwa sababu ilinolewa kwa pembe ya mtu mashoto.

Wapo watakaosema huku ni kuvipa vyuma heshima isiyo yake, tena ni mambo ya Wazungu. Kwa watu wa huku kwetu si mageni hata kidogo. Jirani zetu wa kusini, Wafipa, waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, yenye urefu wa mita tatu hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa mara ya pili katika tanuri dogo la mivukuto kabla ya kufuliwa. Baadhi ya matanuri hayo yamesimama hadi leo huko Nkansi, na mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda ameyachunguza na kuyaandikia kitabu. Jembe lililotoka humo halikuwa la kulimia tu. Lilikuwa mali ya biashara, na lilitolewa mahari. Fundi mkuu alirithi kikapu cha dawa za tanuri kutoka kwa waliomtangulia, na bila kikapu hicho hakuhesabiwa kuwa fundi. Majembe ya viwandani yalipofika, kazi ile ikafa katika karne ya 20.

Wamisionari wa Afrika, waliofika Karema mwaka 1885, waliikuta kazi hiyo ikiwa hai. Mmoja wao, Padre Wyckaert, aliandika makala mwaka 1914 kuhusu wafua chuma wapagani na wafua chuma Wakristo wa huku Tanganyika. Kichwa hicho peke yake kinatosha kunifikirisha. Maana yake, miaka zaidi ya mia iliyopita, tayari walikuwepo wafua chuma waliobatizwa na wakaendelea kufua. Ilibidi wapambanue ni kipi katika urithi wa baba zao ni ufundi na kipi ni uganga. Swali hilo bado lipo. Kuna familia zinazouza vyombo vya marehemu haraka kwa kuogopa mkosi, na kuna zinazovificha na kuvitemea pombe kila mwaka ili mzee asikasirike. Nimezungumza na watu wa pande zote mbili na naona wanaamini jambo moja: kwamba marehemu yumo ndani ya chuma. Hayumo. Tumemwombea, tumemtolea Misa, yuko mikononi mwa Mungu. Kilichomo kwenye chuma ni kazi yake, na kazi haiogopwi wala haitambikiwi. Kanisa lina namna yake ya kuitendea: kitabu cha Baraka kina ibada ya kubariki vyombo vya kazi, na tangu 1955 tuna tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Natamani siku hiyo parokia zetu ziwaambie waamini waje na vyombo vya baba zao na vya mama zao. Mara nyingi tunachobariki siku hiyo ni pikipiki mpya.

Pingamizi zito zaidi nalisikia humuhumu seminarini. Linasema: frateri anafundwa kuacha vitu, wewe unashikilia tezo, je, huko si kuambatana na mali? Wanaouliza hivyo wana haki ya kuuliza. Nimelitafutia jibu katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo wengi tunaijua kupitia wamonaki wa Peramiho na Ndanda na karakana zao. Sura ya 31 inataka mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Sura ya 32 inahusu zana: zikabidhiwe kwa orodha, na anayezitunza kwa uchafu au uzembe akaripiwe. Kisha sura ya 33 inamkataza mmonaki kuwa na chochote cha kwake. Sura hizo tatu zinafuatana, na sidhani ni kwa bahati. Benedikto hakuona kwamba anayeheshimu jembe lazima ataling'ang'ania, wala kwamba aliyeacha vyote anaruhusiwa kuliacha jembe lipate kutu.

Kwa hiyo naukubali upande mmoja wa pingamizi. Tezo iliyotundikwa ukutani pembeni ya picha ya marehemu, imepakwa vanishi, haina tofauti na saa ya dhahabu. Imekuwa pambo, na ndani ya miaka kumi watoto wa nyumba hawatajua ilikuwa ya kufanyia nini. Chombo cha baba hutunzwa kwa kutumiwa, na kukitumia ni kukimaliza polepole. Bapa la springi litaendelea kupungua kila ninapolinoa. Mpini utavunjika siku moja, nami nitaweka mwingine. Halafu siku nyingine bapa litafikia mwisho. Je, wakati huo itakuwa bado ni tezo ya baba? Wanafalsafa wa kale walilijadili swali hili kwa mfano wa merikebu ya Theseus iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja. Wakulima wetu wanalo jibu lao na hawakuhitaji merikebu: muulize mzee yeyote mwenye jembe lenye mpini wa tano, atakuambia bila kusita kuwa ni lilelile. Mimi nasita zaidi kuliko yeye. Kwangu mkono wa baba uko kwenye mpini, na mpini ndio unaotangulia kwisha.

Na hapa ndipo suala linaponigusa kwa namna isiyo ya darasani. Mungu akipenda nitakuwa padre, na padre hana mtoto wa kumwachia tezo. Si jambo jipya kwetu. Adriano Atiman, tabibu na katekista aliyetibu watu Karema kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956, alikuwa na mwana aliyeitwa Yosefu, naye Yosefu akawa padre. Mkono wa mwana ukachukua kazi nyingine. Kwetu nyumbani aliyebaki na kazi ya baba ni mdogo wangu wa kike. Yeye ndiye anayechonga mipini na kuipeleka sokoni Inyonga, kwa tezo ya kuazima. Amechukua pia mizinga ya kisasa, ile inayowekwa chini kwenye vichanja, ambayo imewafungulia mlango wanawake waliokuwa hawapandi miti mirefu kufuata mizinga ya asili. Mimi tezo naigusa saa chache kwa wiki. Yeye angeigusa kila siku.

Nimependekeza nyumbani kwamba apewe yeye. Baba mdogo hakupendezwa. Kwake chombo cha mwanamume kinakwenda kwa mwanamume, na kama mimi naingia upadre basi kiende kwa mwanawe. Hoja yake ina nguvu ya desturi na hata ya maandishi, kwani tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 linamweka binti daraja la tatu katika urithi, nyuma ya wana wote wa kiume. Namheshimu baba mdogo, ndiye aliyenilipia ada. Lakini mwanawe anaendesha bodaboda Mpanda mjini na hajawahi kuchonga hata mwiko. Tezo ikienda kwake, namwona mwenye mizani akikaribia. Ikiwa tunasema chombo kina thamani kwa sababu ya mkono uliokishika, basi kimfuate anayefanya kazi ile, awe wa kiume au wa kike. Kukataa hilo ni kuonyesha kwamba tangu mwanzo tulikuwa tunalinda cheo cha nani ni mkubwa nyumbani.

Likizo ya Juni nitaipeleka, na baba mdogo amekubali tukae kikao kwanza. Mdogo wangu ameshatafuta kipande cha mninga kilichokauka. Anasema bapa ni zuri, lakini ule mpini hauwezi, unamwumiza, atauondoa siku hiyohiyo. Ameniuliza kama nautaka. Sijamjibu.