Sifa za Mwombaji Kazi Si Kujisifu

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imetufunza unyenyekevu tangu utotoni, na mimi si wa kuibeza. Hata hivyo, kijana aliyehitimu chuo kikuu katika Kenya ya leo akiitii neno kwa neno, atakaa nyumbani hadi vyeti vyake viliwe na mchwa. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Hana budi kujitembeza. Swali ni: ajitembeze vipi?

Hivi majuzi nilialikwa katika jopo lililokuwa likimtafuta msaidizi wa utafiti. Tulipokea barua mia moja na ushei kwa nafasi hiyo moja. Nilipofikia barua ya ishirini, ningeweza kuikariri ya ishirini na moja kabla ya kuifungua. Kila mwombaji alikuwa mchapakazi. Kila mmoja alikuwa mwaminifu, mwenye ari, awezaye kufanya kazi bila kusimamiwa. Zamani barua za namna hii zilinakiliwa kutoka kwa rafiki aliyetangulia kuajiriwa. Siku hizi huandikwa na programu za akili unde, nazo humpa kila mtu maneno yale yale matamu. Umbo lilikuwa sahihi: anwani mbili, tarehe, mtajo, kisha KUH. Waliyakumbuka waliyofunzwa shuleni kuhusu barua rasmi. Walichosahau ni kwamba umbo ni chombo tu. Nasi tulikuwa tukitafuta kilichomo.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, niruhusu, msomaji, nilitazame neno moja. Tangazo la kazi huorodhesha "sifa za mwombaji". Neno hili sifa tulilipata kutoka kwa Kiarabu, na katika Kiswahili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni tabia au hali inayokitambulisha kitu na kukitofautisha na kingine. Ya pili ni maneno ya kukitukuza kitu. Mwajiri anapoomba sifa, anataka ile ya kwanza. Mwombaji humjibu kwa ile ya pili. Mmoja anauliza, "U nani na umefanya nini?" Mwenzake anajibu, "Mimi ni mzuri sana." Hata neno wasifu, ambalo ndilo msingi wa tawasifukazi, ni la shina lilo hilo, na maana yake ni maelezo, si majivuno.

Nitatoa mfano. Msichana mmoja niliyemfundisha alikuja ofisini mwangu baada ya kukanyaga lami kwa miaka miwili. Alinionyesha barua yake, nayo haikuwa tofauti na zile mia moja. Nikamuuliza amekuwa akifanya nini muda huo wote. "Hakuna, Mwalimu," akanijibu. Nilipozidi kumdadisi, nikapata kujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama thelathini na wawili sokoni kwao, na kwamba vitabu vya hesabu havijawahi kukosa hata shilingi. Tena, kila wahudumu wa afya walipofika kutoa chanjo, yeye ndiye aliyewatafsiria wazee ambao hawakujua Kiswahili wala Kiingereza. Nilimuuliza kwa nini hakuyaandika hayo. "Hiyo si kazi, Mwalimu. Ni kusaidia tu."

Jibu lile lilinichoma, kwa sababu lawama si yake peke yake. Niliirejelea barua ya mapendekezo niliyokuwa nimempa alipohitimu. Nilikuwa nimeandika kwamba ni mchapakazi, mwadilifu na mwenye nidhamu. Nilikuwa nimewaandikia wenzake wote maneno hayo hayo. Mimi, mwalimu wa lugha, nilikuwa nimemfunza kwa vitendo kwamba maneno yasiyomhusu mtu yeyote yanatosha kumweleza mtu. Sisi wahadhiri tunaolalamika kwamba wanafunzi wetu hawajui kujieleza tuanze kwa kuzichunguza kalamu zetu.

Yamkini msomaji ataniambia kwamba haya ni ya vitabuni, kwamba kazi nchini mwetu hupatikana kwa kujuana na kwa mlungula. Siwezi kukana kwamba upendeleo upo. Kifungu cha 232 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili, nasi tunajua jinsi agizo hilo linavyokiukwa. Wanaolikiuka washtakiwe. Lakini si kila mlango umefungwa kwa kufuli hiyo, na asiyejitayarisha hupitwa hata na ule ulio wazi.

Isitoshe, vyeti vyenyewe vimepungukiwa na heshima. Mwezi wa Februari mwaka 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za umma ulikuwa umegundua vyeti ghushi zaidi ya 2,000. Mwajiri aliyesikia habari hiyo haridhiki tena na karatasi yenye mhuri. Anatafuta jambo analoweza kulithibitisha. Kwa hivyo anayesema "nilitunza hesabu za watu thelathini na wawili kwa miaka miwili, na mwenyekiti wao yuko tayari kuulizwa" amemzidi nguvu anayesema "mimi ni mwaminifu", hata kama wote wawili ni waaminifu sawasawa.

Ushauri wangu kwa kijana anayetafuta kazi ni mfupi. Lisome tangazo hadi ujue shida ambayo mwajiri anataka itatuliwe. Kila unapotaka kutumia neno la kujisifu, lifute, na mahali pake uandike tendo ulilolifanya, mahali ulipolifanya na matokeo yake. Usilidharau tendo kwa sababu hukulipwa. Usiongeze chumvi, maana utaulizwa. Ukimaliza, jiulize: je, mtu mwingine anaweza kuitia sahihi barua hii bila kubadilisha neno? Ikiwa anaweza, hujaandika barua yako.

Yule msichana aliiandika upya barua yake, nami nikaiandika upya yangu. Kazi ya kwanza aliyoiomba hakuipata, wala ya pili, ingawa safari hii aliitwa kuhojiwa kote kuwili. Aliipata ya tatu. Sidai kwamba barua pekee ndiyo iliyompa kazi, na barua nzuri haiwezi kuzalisha nafasi ambazo uchumi haujazizalisha. Hilo ni deni la watawala wetu, nao wasilikwepe. Ninachosema ni kwamba kwa miaka miwili mtu mwenye sifa alikuwa amefichwa na sifa za kuazima. Wangapi wengine wamefichika hivyo, na ni wangapi kati yao ambao sisi walimu wao ndio tuliowaficha?